Naomba ushauri: kutenga vanadi na chuma baada ya urani kuondolewa

Wakubwa shikamooni, wengine salamu. Tupo maabara hapa Tanga, tunajaribu kutoa metali ya vanadi kwenye maji ya asidi ya salfa yanayobaki urani ikishachukuliwa. Yetu ni ya kuigiza, hayana urani kabisa: kila lita ina vanadi gramu 2, chuma gramu 6 na silika kidogo, pH 1.8. Tunakoroga na DEHPA asilimia 6 (kemikali ya kuvuta metali kutoka kwenye maji) na TBP asilimia 3 (kisaidizi chake) ndani ya mafuta ya taa.

Shida ni chuma cha chaji +3. Kinapanda kwenye mafuta pamoja na vanadi, na asidi ya kukamulia (ya kurudisha metali kutoka kwenye mafuta) haikitoi vizuri. Tumeweka unga wa chuma ili kishuke hadi +2, na kweli thayosianati (kemikali ya kupima chuma cha +3) haionyeshi tena wekundu. Lakini unga unakula asidi, pH inapanda, na utando wa silika unaganda katikati ya tabaka mbili. Tukizidisha unga, bluu ya vanadi ya +4 inageuka kijani. Nadhani vanadi imeshuka hadi +3, ambayo haipandi vizuri.

Mnasimamisha unga kwa kipimo gani, milivolti za redoksi au rangi? Na silika, niichuje kwanza, au niachane na DEHPA, nioksidishe vanadi hadi +5 kwa klorati ya sodiamu na kutumia amini (kivutaji kingine)?