Gérard Philipe: tuanzie jukwaani au kwenye filamu?

Tarumbeta_Ngara

Wadau, hamjambo. Kikundi chetu cha maigizo kimepewa jioni moja, muda usiozidi saa mbili, kumtambulisha mwigizaji Mfaransa Gérard Philipe kwa wanafunzi wa Kifaransa wa hapa Nairobi pamoja na waigizaji chipukizi ambao Kifaransa chao kinaishia kwenye bonjour. Tunayo Fanfan la Tulipe ya 1952 na projekta ya kawaida. Wenzangu wawili wanasema hiyo filamu yatosha. Wa tatu anashikilia kwamba Philipe alikuwa mtu wa jukwaa, na kumwonyesha akirukaruka na upanga tu ni kumpunja. Nani ana haki? Na kama ni jukwaa, tutaonyesha nini hasa? Pia waigizaji wetu wawili wanataka kujaribu mistari michache ya tamthilia ya Le Cid kwa Kifaransa, kama dakika tatu. Nitajieni mitego mapema.

Pazia_Jekundu

Wa tatu ana haki, ila asiitupe Fanfan. Tazama tarehe. Julai 1951 Philipe yuko Avignon, kwenye tamasha la maigizo, katika ua wa Palais des Papes, akimcheza Rodrigue katika Le Cid ya Corneille na mwanamfalme wa Hombourg katika tamthilia ya Kleist, zote chini ya mwelekezi Jean Vilar. Machi 1952 Fanfan inatoka, anakuwa kipenzi cha Ufaransa nzima. Julai mwaka huohuo amerudi Avignon na Lorenzaccio ya Musset, na safari hii uelekezi ni wake mwenyewe. Tangu mwigizaji wa kike Sarah Bernhardt alipoicheza 1896, nafasi ya Lorenzaccio ilikuwa imezoeleka mikononi mwa wanawake. Philipe akaifanya ya mwanamume.

Wala si kwamba alikwenda kwa Vilar kutafuta jina. Jina alikuwa nalo. Alizaliwa Cannes tarehe 4 Desemba 1922 (ukoo wao uliandikwa Philip, ile e ya mwisho aliiongeza yeye), akaanza jukwaa kule Nice 1942, na 1945 akamcheza Caligula wa Camus katika Théâtre Hébertot mjini Paris akiwa na miaka 22. Le Diable au corps ya 1947 ndiyo iliyomfanya nyota wa sinema. Nyota huyo akajiunga na TNP (Théâtre National Populaire), kampuni ya Vilar, ambayo mabango yake yalipanga waigizaji kwa alfabeti, mkubwa kwa mdogo. Katika Mère Courage ya Brecht alichukua nafasi ndogo ya Eilif, yule mwana anayepotelea jeshini. Hilo lisemeni ukumbini, linaeleza zaidi kuliko orodha ya filamu.

Vipande ningechukua vinne, jumla isizidi nusu saa. Fanfan dakika sita, pambano moja la upanga linatosha. Le Diable au corps dakika nane, yeye na Micheline Presle. Halafu Monsieur Ripois ya René Clément (1954), iliyopigwa London: hapo anamcheza laghai wa wanawake, na ule uso mzuri unageuka kuwa chombo cha udanganyifu. Malizieni na Les Grandes Manœuvres ya René Clair (1955), ambayo ina rangi. Mkianza na Fanfan na kuishia Fanfan, watazamaji watatoka wakijua ana miguu myepesi tu.

Onyo dogo: mkitafuta Fanfan mtandaoni mtakutana na ile ya 2003, ya Vincent Perez. Si hiyo. Na ile ya 1952 ilipigwa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo nakala yenye rangi ni ya kupakwa baadaye.

MizaniKumiNaMbili

Nije kwenye Le Cid, maana hapo ndipo watu huvunjika.

Anayejua shairi la Kiswahili ana faida ambayo hajaitambua. Sisi tunahesabu mizani nane kwa nane, ukwapi na utao. Wao wanahesabu sita kwa sita, na kituo katikati. Chukueni mistari miwili ya Rodrigue anapomkabili le Comte, yaani mwungwana aliye baba wa mpenzi wake Chimène:

*Je suis jeune, il est vrai ; mais aux âmes bien nées*
*La valeur n'attend point le nombre des années.*

Hesabuni kwa vidole: je-suis-jeu-ne il-est-vrai, sita. Mais-aux-â-mes-bien-nées, sita. Angalieni e mbili. Ile ya *jeune* inamezwa kwa sababu inafuatwa na irabu, hivyo *ne il* inakuwa mizani moja. Ile ya *âmes* inatamkwa kwa sababu mbele yake kuna konsonanti. Vivyo hivyo *nombre des* katika mstari wa pili: le-nom-bre-des-an-nées. Aliyejifunza Kifaransa cha mazungumzo atasema "âm bien" na "nombr des", mizani zinabaki kumi na moja, mstari unachechemea. Hili ndilo kosa namba moja, na wenye Kifaransa kizuri ndio hulifanya zaidi.

Kosa la pili ni kusimama kila mwisho wa mshororo kama anayesoma tangazo la matanga. Hapo juu sentensi inavuka: *aux âmes bien nées* inaning'inia mpaka mstari wa pili uje. Pumzi ivutwe kwenye nukta mkato baada ya *vrai*, kisha usivute tena hadi *années*.

Wakitaka kitu kirefu zaidi, ziko beti za Rodrigue mwishoni mwa tendo la kwanza, ila zenyewe hazifuati kumi na mbili moja kwa moja. *Percé jusques au fond du cœur* ni mizani nane, sawa na mshororo wa utenzi. Kisha huja ya kumi na mbili, ya sita, ya kumi, ndani ya ubeti mmoja wa mistari kumi. Dakika tatu zitatosha beti mbili kwa raha. Msizidishe.

Mazoezi yafanyeni mkiwa mmeketi. Avignon 1951 Philipe alianguka kutoka jukwaani, akaumia goti, na Rodrigue akamcheza akiwa kitini. Tamthilia haikuanguka, kwa sababu mkono wa upanga haukuwa ndio unaoibeba. Anayeweza kuusimamisha mstari akiwa kwenye kiti, akisimama atauinua zaidi.

FundiWaGiza

Upande wa mitambo. Filamu zake nyingi za miaka hiyo zina umbo karibu la 4:3. Projekta zetu nyingi huja zimewekwa 16:9 na huvuta picha kujaza pazia, kwa hiyo Philipe, mwembamba kama mwanzi, atatokea na mashavu ya mfanyabiashara. Ingieni kwenye menyu, sehemu ya umbo la picha, chagueni 4:3, mkubali mistari myeusi pembeni.

Jambo la pili linahusu sauti, na kwa mtu huyu sauti ni nusu ya habari. DVD ya Ufaransa ni mfumo wa PAL: filamu ya fremu 24 kwa sekunde inakimbizwa 25. Saa moja ya filamu inakwisha kwa dakika 57 na sekunde 36, na kama sauti haikurekebishwa inapanda karibu nusu toni. Blu-ray hukaa kwenye 24. Manukuu mliyopakua mtandaoni kwa ajili ya nakala moja hayatakaa sawa na nyingine. Mwanzoni yanalingana, baada ya nusu saa yamepishana zaidi ya dakika. Kuyasogeza mbele au nyuma hakusaidii, inabidi kubadilisha kasi yake katika programu ya manukuu, 24 kwenda 25 au kinyume.

Na msichukulie DVD ya nyumbani kuwa ruhusa. Onyesho la umma linahitaji idhini ya mwenye haki, na ulizeni mapema bodi ya kuainisha filamu, si wiki ya onyesho.

Tarumbeta_Ngara

Asanteni sana, mmetuokoa. Mawili yamebaki. Kwa wasiojua Kifaransa, kuna sauti yake ya kuwachezea pazia likiwa tupu? Na bango letu limeandikwa "aliyefia jukwaani". Tuliache?

Pazia_Jekundu

Lifuteni leo. Alifariki nyumbani kwake Paris tarehe 25 Novemba 1959, kwa saratani ya ini, siku chache kabla ya kutimiza miaka 37. Madaktari walikuwa wamempasua mapema mwezi huo wakaigundua. Mkewe Anne aliambiwa, yeye hakuambiwa. Nadhani hadithi ya jukwaani imetokana na mazishi: alizikwa Ramatuelle akiwa amevishwa maleba ya Rodrigue. Filamu yake ya mwisho, ya mwelekezi Buñuel, ilitoka baada ya kifo chake.

Kama bango lina nafasi, andikeni kwamba aliongoza chama cha waigizaji wa Ufaransa. Hilo litawagusa waigizaji wa hapa kuliko kifo.

MizaniKumiNaMbili

Kuhusu sauti: santuri ya 1954 ya Le Petit Prince, yeye ndiye msimulizi na mtoto Georges Poujouly ndiye mwanamfalme. Kifaransa chake kinakwenda polepole, hata mgeni wa lugha atasikia pale anapopunguza pumzi bila kupunguza sauti. Chezeni dakika mbili, taa zikiwa zimezimwa, kabla ya kipande cha kwanza. Halafu ndiyo mfungue Fanfan.