Mrejesho: Safari ya Virginia, Marekani
Niliwauliza kama inawezekana kuunganisha nyumba za marais na milima ya Blue Ridge katika safari moja. Ninawashukuru mlionishauri nilale Charlottesville, kwa kuwa Monticello ya Thomas Jefferson na Highland ya James Monroe ni majirani, na Montpelier ya James Madison haiko mbali. Monticello ilinichukua muda mrefu zaidi, hasa Mulberry Row, walikoishi na kufanya kazi baadhi ya watumwa zaidi ya 600 aliowamiliki maishani mwake mtu yuleyule aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa. Mvinyo sikunywa (dereva nilikuwa mimi), lakini katika mashamba ya mizabibu ya Barboursville nilitazama magofu ya nyumba aliyoisanifu Jefferson, iliyoungua mwaka 1884. Skyline Drive, barabara inayopita juu ya milima ya Blue Ridge, yenye kilomita 169 za mwendo wa polepole, itengeeni siku nzima.