Jogging ya Mtaa: MP3 ya kukimbilia

Mama Zai: Jamani habari za jioni. Nauliza, nataka kitu kidogo cha kusikilizia mziki nikiwa nakimbia, sitaki simu. Nikiishika mkononi bega linauma, nikiweka kwenye kile kimkoba cha kiunoni inarukaruka inanigonga tumbo, alafu nikishakolea anapiga mtu wa kikoba kuuliza rejesho. Vile vi-MP3 vya kubana kwenye nguo bado vipo?

Side: Bi mkubwa simu ndo kila kitu 😂 nani ana MP3 zama hizi

Mama Zai: We Side, hiyo simu yako si ya juzi tu? Ile nyingine si walipita nayo wa bodaboda pale Shekilango ukiwa umeziba masikio unaimba peke yako

Side: 😶

Baba Ney: Hahahaaa kanyamazishwa

Rehema: Vipo dada. Mi nilikuwa na iPod Shuffle ile ya kubana, haina kioo, vitufe tu, niliipenda sana. Ila Apple waliacha kuitengeneza 2017 na iPod zote kwa ujumla wakazifunga 2022. Ukiikuta mtumba betri ishazeeka, na kuingiza nyimbo mpaka utafute kompyuta yenye iTunes. Hiyo achana nayo

Fundi: Mama Zai kwanza niambie nyimbo zako zinakaa wapi maana watu wananunua kifaa alafu wanakuja kibandani fundi niingizie nyimbo, nauliza ziko wapi, anafungua Boomplay anasema si hizi hapa nishadownload, sa hizo hazihami, zimefungiwa humohumo ndani ya programu, Spotify nayo ivoivo, ukikopi unapata mafaili ambayo hayafunguki popote. MP3 inataka faili lenyewe la mp3 ambalo ni lako. Kama mziki wako wote ni wa kulipia kwa mwezi basi usinunue

Mama Zai: Mimi nina flashi imejaa rumba na taarab, na mawaidha nimeyahifadhi WhatsApp

Fundi: Flashi safi kabisa. Mawaidha kama ni voice note hapo pana kazi kidogo, zile ni faili za opus, MP3 nyingi haziisomi. Nitumie nizigeuze kwa programu ya VLC ziwe mp3

Ney: Shikamooni. Mama Zai kwa nini usichukue saa? Garmin Forerunner 245 Music inabeba mpaka nyimbo 500 na inakupimia kilomita na mapigo ya moyo humohumo

Mama Zai: Marahaba mwanangu. Bei?

Ney: 🙈

Baba Ney: Ney unataka mama wa watu auze friji

Ney: Afu inataka hedifoni za Bluetooth maana haina tundu la waya, nilisahau kusema

Shaban Muscat: Salaam wana mtaa. Mi narudi likizo mwezi ujao, naweza kuleta. Huku kuna Sony Walkman NW-WS413, iyo mziki uko ndani ya hedifoni zenyewe, hamna waya wa kwenda popote, GB 4, betri masaa 12, na ukiichaji dakika 3 tu inakupa saa nzima. Inaingia mpaka maji ya chumvi. Ukiivaa inapita nyuma ya shingo imetulia

Baba Ney: Maji ya chumvi?? Shaban hiyo niletee mimi. Jumapili naogelea Coco Beach na mwanangu, niliwahi kujaribu zile za Bluetooth zisizoingia maji, nikizamisha kichwa tu mziki unakata, nikiinua unarudi. Nilidhani mbovu

Mwalimu: Si mbovu, Baba Ney. Bluetooth inatumia mawimbi ya masafa ya 2.4 GHz, na maji yanayameza mawimbi hayo. Simu ikiwa ufukweni na wewe uko chini ya maji, mawasiliano hayapiti. Kwa hiyo kuzuia maji peke yake hakutoshi, nyimbo lazima ziwe zimehifadhiwa ndani ya kifaa kilichoko kichwani. Iko hiyo ya Sony, iko pia Shokz OpenSwim ambayo inatikisa mifupa karibu na sikio badala ya kuziba tundu. Na msidanganywe na maandishi ya boksi, zile alama za IPX zinaonyesha kifaa kinahimili maji kiasi gani, IPX5 ni ya kurushiwa maji, yaani jasho na mvua, IPX7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30, na vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Baba Ney: Asante Mwalimu. Mi nishapata jibu langu kwenye swali la mtu mwingine 😂

Mama Zai: Shaban mdogo wangu nashukuru, ila hiyo ya Sony vitufe viko wapi?

Shaban Muscat: Palepale sikioni, chini chini

Mama Zai: Sa mimi na ushungi wangu nitavibonyezaje? Niingize mkono ndani ya mtandio huku nakimbia barabarani, watu waseme yule mama kaingiwa na mdudu

Rehema: 🤣🤣🤣 dada umenimaliza

Rehema: Ila kweli mnaosema hedifoni tu mnasahau sisi wa ushungi. Mimi zile za Bluetooth hazidondoki kabisa kwa sababu mtandio unazishika, faida hiyo, lakini za kugusagusa zinasumbua vibaya, kitambaa kikizigusa wimbo unaruka, kikigusa tena unasimama. Nimefika Mlimani City nina hasira kama nimetukanwa

Fundi: Ndo maana nasema ya kubana yenye waya bado haijapata mpinzani kwa mtu kama Mama Zai. Waya unapita ndani ya ushungi, unashuka ndani ya mkono wa nguo, MP3 unabana hapa kwenye ukingo wa mkono juu ya kiwiko, vitufe viko nje. Unabonyeza bila kuangalia. Na cha kwanza ukishika dukani fumba macho, tafuta kwa kidole kitufe cha kusimamisha na cha sauti, ukishindwa kuvitofautisha rudisha, maana hakuna mtu anasoma kioo cha inchi moja akiwa anapanda kilima cha Chuo

Side: Fundi leo ana madini

Fundi: Alafu jasho. Watu wanadhani jasho linaingia kwa juu, hapana, linafuata waya linateremka nao mpaka kwenye tundu la hedifoni. Wanazoniletea nikifungua nakuta kutu ya kijani imezunguka tundu la chaji, vile vipini vya ndani vishaliwa na kimoja kimekatika. Mtu karudi na jasho lake akachomeka chaji hapohapo. Ukirudi futa, iache ikauke, ndo uchaji. Na waya ukate kona kidogo kabla haujaingia kwenye kifaa, uning'inie chini alafu upande, jasho litadondokea pale

Mama Zai: Haya, ya kubana. Ipi sasa? Zile za Kariakoo zisizo na jina?

Fundi: Zile zinafanya kazi ila ujue unachonunua. Nyingi ndani hazina nafasi hata kidogo mpaka uweke memori kadi, na hazina akili ya kupanga nyimbo kwa majina, zinapiga kwa mpangilio ule ule uliokopi, hata uandike namba 01 02 kwenye majina wapi, kama 02 ilitangulia kukopiwa ndo inatangulia kupiga. Kwa hiyo ukitaka wimbo wa kupasha mwili uanze inabidi uukopi wa kwanza

Baba Ney: Na memori kadi za pale mtaa wa Aggrey mnazijua wenyewe

Fundi: Imeandikwa GB 64, ndani GB 8. Na haikwambii imejaa, inapokea tu, majina ya nyimbo yote yanaonekana, ukipiga za mbele kimya au zinakwaruza. Kabla hujalipa, au basi kabla hujatupa risiti, ijaze yote kwenye kompyuta alafu usome tena kilichoingia, kuna kiprogramu kinaitwa H2testw kinafanya hiyo kazi. Alafu nani kamwambia mtu anahitaji GB 64 ya kukimbilia? Wimbo wa dakika nne kwa ubora wa 128 kbps ni kama MB 4, GB 8 unaweka nyimbo karibu elfu mbili. Na hizi MP3 ndogo nyingi zinasoma kadi iliyofomatiwa kwa FAT32 tu, kadi ya GB 64 inakuja na fomati nyingine, exFAT, kwa hiyo hata ikiwa halali inakataa. Chukua GB 16 au 32 uachane na tamaa

Shaban Muscat: Basi mi nilete SanDisk, kuna Clip Jam na Clip Sport. Zote za kubana, zina kioo kidogo, vitufe vya kubonyeza, zina tundu la kadi mpaka GB 32, na redio ya FM. Clip Jam wanasema masaa 18, Clip Sport 25. Kuna Clip Sport Plus yenye Bluetooth ila iyo haina tundu la kadi

Mama Zai: Redio! Nisikilize taarifa ya habari ya asubuhi huku nakimbia

Fundi: Redio inatumia waya wa hedifoni kama antena, sababu nyingine ya kubaki na waya

Mwalimu: Mama Zai, unajiandaa na nini hasa? Kama ni mbio za Kilimanjaro pale Moshi, kuna jambo la kanuni.

Mama Zai: Kilomita 21 Mwalimu, inshallah

Mwalimu: Basi ujue kwamba kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, zinahesabu redio, simu na vifaa vya namna hiyo ndani ya eneo la mashindano kuwa msaada usioruhusiwa. Marekani chama chao cha riadha kilipiga marufuku moja kwa moja 2007, watu wa kawaida wakalalamika, mwaka uliofuata wakalegeza, ikabaki kwa wanaowania ubingwa na zawadi. Kwa mbio kubwa za watu wengi kila mwandaaji ana msimamo wake, kwa hiyo soma maelekezo utakayopewa na namba yako ya kifuani. Na fanya baadhi ya mazoezi bila mziki kabisa, usije ukafika kwenye ule mpando wa Mweka unasikia pumzi zako kwa mara ya kwanza.

Baba Ney: Zawadi Mama Zai hawanii, labda fulana

Mama Zai: Baba Ney tutaonana Moshi

Side: Oya sa hapo kwenye nyimbo mnipe mimi kazi. Singeli mwanzo mwisho

Rehema: Singeli utamuua mama wa watu

Mwalimu: Kuna ukweli hapo. Singeli inapigwa midundo 200 na zaidi kwa dakika, nyingine inakaribia 300. Mkimbiaji wa kawaida anapiga hatua kama 160 mpaka 180 kwa dakika. Mguu ukijaribu kufuata ngoma unachoka kilomita ya pili. Tafuta nyimbo za midundo 80 mpaka 90, kila mdundo hatua mbili, au za 160 na kuendelea mdundo kwa hatua. Mziki unasaidia kweli, hilo silipingi, hata Haile Gebrselassie, yule mkimbiaji wa Ethiopia, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ndani kule Birmingham mwaka 1998, uwanja ulikuwa unapiga wimbo alioutaka mwenyewe.

Side: Kwa hiyo singeli iwe ya mita mia za mwisho tu 💨

Mama Zai: Weka moja Side, MOJA

Rehema: Na taarab dada? Unakimbia na taarab kweli?

Mama Zai: Taarab ni ya kutembea kurudi nyumbani nikiwa nimelowa. Wee hujui raha yake

Mwalimu: La mwisho kwangu, sauti. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 kwa masaa 40 kwa wiki ni salama kwa mtu mzima, ukifika 90 inashuka mpaka masaa manne tu. Barabara ya Sam Nujoma yenyewe ina kelele, mtu anapandisha sauti kushindana na malori bila kujua.

Fundi: Ndo maana mi nashauri sikio moja. Lingine liache lisikie bodaboda, maana siku izi wanapita mpaka njia ya waenda kwa miguu. Ila sasa ukivaa sikio moja unapoteza nusu ya wimbo, hizi rumba za zamani gitaa moja liko kushoto lingine kulia, na sauti ya muimbaji kuna saa imelalia upande mmoja, unaweza ukakimbia na besi tupu. Leta flashi nizigeuze ziwe mono, pande zote mbili zinaingia sikio moja, hukosi kitu

Rehema: Hiyo sikuwahi kuifikiria kabisa, na miaka yote nakimbia na sikio moja. Fundi nakuja na zangu

Fundi: Zako ziko Boomplay Rehema

Rehema: 😩

Shaban Muscat: Kwa hiyo tumekubaliana? Baba Ney Sony ya kuogelea, Mama Zai SanDisk ya kubana. Kadi je?

Fundi: Kadi nunua hukohuko dukani kwenye risiti, GB 16. Usije ukamwachia Side akanunue Aggrey

Side: Mbona mnanionea leo

Mama Zai: Shaban kama kuna rangi usilete nyeusi, nyeusi ikidondoka alfajiri siioni. Hela nikutumie lini?

Shaban Muscat: Nikifika, usijali dada. Nikishaiona dukani nakutumia picha uthibitishe bei kwanza

Baba Ney: Yangu naomba usimtumie picha mke wangu, yumo humu

Mama Ney: Nimesoma yote toka juu

Baba Ney: 😐

Fundi: Mama Zai flashi lete kesho kabla ya saa nne, wamesema umeme unakata mpaka jioni

Mama Zai: Nampa Zai aipitishe akienda shule. Folda ya rumba fanya mono, taarab iache ilivyo, hiyo navaa masikio yote mawili

Fundi: Sawa. Na voice note za mawaidha nitumie usiku huu, moja moja, usinitumie folda nzima bando langu dogo

Mama Zai: *Audio imetumwa*

Mama Zai: *Audio imetumwa*

Mama Zai: *Audio imetumwa*

Baba Ney: Mama Zai sio humu kwenye grupu!! Mtumie Fundi inboksi