Mkataba wa siku 30, mkopo wa miaka 10: mafuta yakishuka bei wao wanaondoka, sisi tunabaki na vyumba vitupu

Wakuu, habari za usiku. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu wiki hii. Leo nauacha ulivyo, maana jana kijana mmoja kanipigia simu kuniuliza kama auze kiwanja alichoachiwa na marehemu baba yake ili ajenge vyumba vya kupangisha, kwa sababu kaambiwa kampuni za mafuta zinakuja. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Hasira zangu haziko kwake, ziko kwa waliomjaza maneno yale, maana ndiyo yaleyale niliyojazwa mimi.

Kwanza mjue naongea nikiwa nani. Miaka 11 nimekula jasho la mafuta. Nilianza kibarua wa kubeba mabomba, nikawa msaidizi wa fundi wa kuchomelea, nikapata cheti, nikawa fundi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuajiriwa na kampuni yenye kisima, hata siku moja. Juu yuko mwenye kitalu, yaani kampuni yenye haki ya kuchimba eneo hilo. Chini yake mkandarasi mkuu, kisha mkandarasi wa huduma, kisha wa kandarasi ndogo, na chini kabisa wakala wa kuleta watu. Mimi nilikuwa mtu wa wakala. Kwenye hotuba nilihesabiwa kama ajira ya sekta ya mafuta. Siku ya kupunguza watu, mwenye kitalu hafukuzi mtu, anasimamisha uchimbaji tu, na wote walio chini yake wanakosa kazi wiki hiyohiyo bila yeye kuandika barua hata moja.

Akiba yangu yote niliiweka kwenye vyumba nane. Mkandarasi mmoja, simtaji, alikuja mwenyewe kunitafuta msingi ukiwa ndiyo kwanza umefikia usawa wa ardhi. Akasema, "Maliza haraka, nachukua vyote, watu wangu wanalala wanne wanne." Benki, nayo siitaji, iliposikia mpangaji ni mkandarasi wa mafuta haikuuliza maswali mengi. Mkopo wa miaka 10. Vyumba vilijaa kabla rangi haijakauka. Mwaka mmoja na miezi minne kodi iliingia tarehe ileile bila kusumbuana. Nikajiona nimevuka.

Kisha bei ya pipa ikaanguka. Bei inapangwa mbali na hapa, na watu ambao hawatakaa wasikie habari za vyumba vyangu. Barua ilikuja ya aya mbili. Siku 30. Hawakufikisha hata hizo 30. Siku ya 12 basi la kuwachukua wafanyakazi alfajiri halikuja, na siku ya 15 vitanda vilipakiwa kwenye lori. Nilipoingia chumba cha tatu nilikuta misumari sita ukutani, sita sawasawa, ya kutundikia maovaroli, na chini ya kila msumari alama nyeusi ya grisi yenye umbo la bega la mtu. Nimepaka rangi mara mbili. Grisi inarudi juu ya rangi.

Sasa nakuja kwenye kinachonichoma zaidi.

Wanaotangaza neema ya mafuta wanajumlisha ajira za ujenzi na ajira za uendeshaji, halafu wanatupa namba moja. Huo ni udanganyifu, na wanajua. Kutandika bomba, kujenga kambi, kusimamisha matangi, kuchimba visima, kazi hizo zinataka maelfu ya watu kwa miaka miwili, mitatu. Bomba likishafukiwa halihitaji wachomeleaji elfu. Angalieni bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga: kilomita 1,443. Kila kiungo cha bomba refu namna hiyo kina mtu aliyekichomelea, lakini baada ya kufukiwa, kinachobaki ni vituo vya kusukuma mafuta, vyumba vya kuongozea mitambo na walinzi. Kisima nacho ni hivyohivyo. Wakati wa kukichimba kuna timu zinazopokezana usiku na mchana, madereva wa maji, wa saruji, wapishi, mafundi umeme. Kikishaanza kutoa mafuta, mtu mmoja mwenye gari anaweza kuzungukia visima kadhaa kwa siku, anasoma vipimo, anaondoka.

Na bei ikirudi? Hapo ndipo wengi tunapodanganyika, mimi nikiwemo. Tunasema tuvumilie, bei itapanda, watu watarudi. Marekani mwaka 2014 ilikuwa na mitambo ya kuchimba zaidi ya 1,900 inayofanya kazi, ikitoa mapipa karibu milioni 9 kwa siku. Mei 2016 mitambo ilikuwa imebaki 404. Bei ikapanda tena baadaye, na mwaka 2024 nchi hiyo ilitoa mapipa zaidi ya milioni 13 kwa siku, rekodi ambayo hadi wakati huo haikuwa imewahi kufikiwa na nchi yoyote, kwa mitambo kama 600 tu. Soma tena hapo. Mafuta yameongezeka karibu nusu, mitambo imepungua hadi theluthi. Kipindi bei iko chini, kampuni hazikukaa bure. Zilijifunza kuchimba visima vingi kutoka sehemu moja bila kubomoa mtambo na kuuhamisha, kuchimba kwa ulalo umbali mrefu zaidi, na kuweka vipima vinavyosomwa kwa kompyuta. Kila bei inapoanguka wanajifunza kufanya kazi na watu wachache zaidi, na wale walioachwa hawaitwi tena wote. Kazi yangu mwenyewe, kwenye karakana niliyoiacha, sasa inafanywa na mashine ya kuchomelea inayozunguka bomba, na mtu mmoja amekaa pembeni anaitazama.

Kwa hiyo mtu anayemwambia kijana ajenge kwa kusubiri bei irudi amwambie pia kwamba bei inaweza kurudi na mpangaji asirudi.

Nyumba ndiyo eneo ninalolijua kwa uchungu, kwa hiyo mnivumilie hapa.

Nyumba inajengwa polepole, bei ya mafuta inaanguka kwa miezi. Juni 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 110. Januari 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Ukichukua kiwanja, kibali, mkopo, msingi, kuta, paa, maji na umeme, umeshamaliza mwaka na nusu, na kodi iliyokufanya uanze kujenga si kodi utakayoikuta. Williston, kule North Dakota, Marekani, ni mfano ambao kila anayetaka kujenga kwa ajili ya mafuta angepaswa kuusoma kabla ya kununua tofali. Mji ulikuwa na watu 14,716 mwaka 2010. Walipoanza kupasua miamba ya eneo la Bakken ili kutoa mafuta watu walimiminika, wengine wakilala kwenye magari katika baridi ya kuganda. Mwanzoni mwa 2014 uchunguzi wa kodi za nyumba uliuweka mji huo juu ya miji yote ya Marekani, New York na San Francisco zikiwemo: chumba kimoja na sebule, wastani wa dola 2,394 kwa mwezi. Wajenzi wakaona namba hiyo wakakimbilia. Nyumba nyingi zikawa tayari mafuta yakiwa yameshaanguka. Kodi zikaporomoka, na mji uliokuwa umeziruhusu kambi za wafanyakazi ukageuka na kuanza kuzifunga, majengo mapya yapate watu.

Na tusisahau kambi. Hili hawakuambii kwenye semina za uwekezaji. Ukisikia mradi utaleta watu 5,000, usihesabu vyumba 5,000. Wengi watalala kambini ndani ya uzio, watakula humo, watapanda ndege zamu ikiisha. Kwenye majukwaa ya baharini mtu anakaa wiki mbili au tatu kazini, anarudi kwao kwenye mkoa mwingine au nchi nyingine kabisa. Fort McMurray, mji wa mafuta wa Kanada, wamelilalamikia hili miaka mingi: watu wanafanya kazi kwao, mishahara inalala mikoa mingine. Wapangaji wanaobaki mjini ni wale wa ngazi za chini kama nilivyokuwa mimi, wa mikataba mifupi, wa kwanza kupunguzwa. Yaani mahitaji ya nyumba yanayobaki kwetu ndiyo yale dhaifu kuliko yote.

Jambo hili si geni, ndiyo maana naumia. Mafuta yalianza kuchimbwa kibiashara Pennsylvania, Marekani, mwaka 1859. Miaka sita tu baadaye, 1865, ukaibuka mji unaitwa Pithole. Ndani ya miezi michache ulikuwa na watu kama 15,000 na hoteli zaidi ya 50. Visima vikakauka, moto ukaunguza majengo, na sensa ya 1870 ikakuta watu 237. Kipande cha ardhi kilichouzwa dola milioni 2 mwaka 1865 kiliuzwa tena 1878 kwa dola 4 na senti 37. Midland, Texas, benki kubwa ya mji ilifilisika Oktoba 1983 ikiwa imejaa mikopo ya mafuta, na wakati huo bei ilikuwa haijapiga kishindo kikubwa bado. Kishindo kilikuja 1986 iliposhuka hadi karibu na dola 10. Aberdeen, mji wa Scotland wenye mafuta ya Bahari ya Kaskazini tangu miaka ya 1970, kati ya walionunua nyumba miaka ya karibu kabla bei ya mafuta haijaanguka 2014, wapo ambao wakitaka kuuza wanauza kwa hasara. Zaidi ya miaka 150 kitu kilekile kinatokea, halafu afisa mikopo anakaa mbele yangu na kalamu yake ananiambia soko ni imara.

Najua kuna atakayekuja kwenye comment kusema mkataba nilisaini mwenyewe. Ndiyo, nilisaini. Nilisoma kile kipengele, nikauliza, nikajibiwa kwamba ni cha kawaida na hakijawahi kutumika. Benki nayo ilikuwa na nakala ya mkataba huohuo kwenye faili langu. Watu wenye shahada za fedha waliona mpangaji anaweza kuondoka kwa siku 30, wakanipa deni la miezi 120, wakachukua na hati ya kiwanja. Wao walijua wakipoteza wanachukua nyumba. Mkandarasi alijua bei ikishuka anatoka. Mwenye kitalu alijua haajiri mtu. Kila mmoja alijikinga na bei ya mafuta kwa kumsukumia hatari aliye chini yake, mpaka ikafika kwa mtu asiye na wa kumsukumia. Huyo ni kibarua na mwenye vyumba nane. Kwangu mimi wote wawili walikuwa mtu mmoja.

Na tusiwasahau wapangaji wa zamani. Hili linaniuma kwa sababu na mimi nilishiriki. Kodi zilipopanda, walimu na wauguzi waliokuwa wakikaa mtaani kwetu walishindwa wakahama. Mama mmoja mwenye watoto wawili alikuwa ameshaulizia chumba kwangu tangu ninapiga lipu. Nilimwambia vyote vimechukuliwa. Angekuwa bado anakaa hapa leo, maana kazi yake haitegemei bei ya pipa. Alihamia mbali na hatapanda mabasi mawili kurudi kwa sababu mimi sasa nina shida.

Sisemi mtu asifanye kazi ya mafuta. Ujira ni mzuri ukiwepo, na ufundi nilioupata umenilisha hata nje ya visima. Sasa hivi nachomelea matangi ya maji na mageti, ndiyo yanayolipa marejesho, kwa shida. Ninachodai ni hiki. Anayetangaza ajira atoe namba mbili, ya ujenzi na ya uendeshaji, na aseme kila moja ni ya miaka mingapi. Mkandarasi anayemhimiza mtu ajengee wafanyakazi wake alipe kodi ya miaka mitatu kwa dhamana, au ajenge mwenyewe. Benki inayokopesha kwa mpangaji wa siku 30 ibebe sehemu ya hasara mpangaji akiondoka. Na wewe mdogo wangu uliyenipigia jana, nisamehe kwa sauti ile. Kiwanja cha baba usiuze.

Nawaomba wenye mikataba ya kupangisha kampuni hizi muifungue sasa hivi, mtafute sehemu inayozungumzia kusitisha. Fichani majina, wekeni maneno yake hapa tuyasome pamoja, kuna wanasheria humu. Naanza na wangu, kipengele cha 9: "Mpangaji anaweza kusitisha mkataba huu wakati wowote kwa kutoa taarifa ya siku thelathini, bila kulazimika kueleza sababu na bila kulipa fidia yoyote."