Usukani unatetemeka ukifika 90: wa Tabora na Kigoma tupeane uzoefu

Mtoto wa Isevya
Mwangaluka wakuu. Nina Premio, huu mwaka wa tatu. Mjini haina neno, imetulia kabisa. Balaa ni nikishika njia ya Nzega. Nikifika 85 usukani unaanza kuchezacheza, 95 unatetemeka mpaka mikono inakufa ganzi, nikijikaza nikafika 115 unatulia. Jumamosi nilimpakia mama mkwe, tulipofika Isikizya akaniuliza, "Baba, gari lako lina homa?" Niliona aibu hadi Nzega. Fundi wa kwanza kasema alaimenti, yaani magurudumu hayajanyooka sawasawa. Wa pili kasema nibadilishe stelingi raki, ule mtambo unaogeuza magurudumu ukizungusha usukani, na bei aliyonitajia siwezi kuiandika hapa, mke wangu naye anasoma. Aliyepitia haya alipona vipi?

Kanyenye Juu
Risasi imedondoka, kale kauzito ka kubalansi kanakobandikwa kwenye rimu. Kabalansi.

Dada wa Cheyo
Yangu pia ilikuwa hivyo hivyo.

Mzee wa Ng'ombe Saba
Dawa rahisi: inatetemeka ukifika 90? Usifike 90. Tochi za trafiki hazitakupata na mama mkwe atasali kidogo.

Fundi Nusu
Mdogo wangu, usinunue kitu kwanza. Sikiliza gari. Ukisikia mikononi, anza na magurudumu ya mbele. Ukisikia kwenye kiti, makalio yanawasha na usukani umetulia, angalia ya nyuma. Inayokuja spidi fulani halafu ikipita inatulia, kama yako, mara nyingi ni uzito wa gurudumu hauko sawa. Inayokuja ukikanyaga breki tu, hiyo diski ya breki. Ikizidi ukikanyaga mafuta na kupungua ukiachia, chungulia draivishafti, chuma kinachopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu, na sivi jointi ya ndani, kiungo chake.

Sasa piga magoti, angalia rimu zako. Ukiona mahali pana kamraba kasafi, vumbi halijashika na gundi bado inanata, hapo palikuwa na risasi imeng'oka. Mimi niliihangaikia gari ya shemeji yangu siku mbili nzima, boljointi tukabadilisha, tairodi tukabadilisha, kumbe kamraba kenyewe kako pale kananitazama.

Dereva Mstaafu
Vijana mnapotosha. Nimeendesha lori miaka 22, Tabora, Itigi, Singida, wakati huo barabara ni mchanga mtupu. Alaimenti ikiharibika usukani unatetemeka. Tena sana.

Fundi Nusu
Shikamoo mzee. Alaimenti ikiharibika gari huvuta upande na kula tairi upande mmoja. Haitetemeshi.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Lakini shikamoo haibalansi tairi. Hiyo tairi iliyoliwa upande mmoja, ikikimbia inafanya nini? Inaimba kwaya?

Fundi Nusu
Hapo itatetemeka, ila ni kwa sababu ya tairi, siyo alaimenti yenyewe.

Dereva Mstaafu
Na tairi nani kaila?

Kanyenye Juu
😂😂 Mzee kamfunga.

Mama Noah
Jamani acheni utani. Nilijiapiza nisiisimulie hii tena, lakini hilo neno "inatetemeka" limenitoa jasho.

Nilikuwa natoka Kaliua kuja Tabora na Noah, abiria saba, magunia mawili ya karanga nyuma na bibi mmoja kampakata jogoo. Asubuhi nilikuwa nimezibiwa pancha ya mbele kushoto, mahali fulani njiani, na kijana ana haraka. Kafunga nati gurudumu likiwa bado hewani, kashusha jeki, kachukua hela, basi. Mimi nami sikurudia kukaza. Nilikuwa nasoma meseji.

Nimepita Urambo, usukani ukaanza kutetemeka kidogo. Nikasema barabara hiyo. Mbele zaidi nikasikia ko, ko, ko, taratibu, kama mtu anabisha hodi chini ya miguu yangu. Konda akaniambia, "Dada, hiyo siyo barabara." Nikamjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nikaongeza sauti ya redio! Nilikuwa nawahi maziko.

Karibu na Usoke nikapunguza kwa ajili ya mbuzi. Hao mbuzi nawaombea mpaka leo. Spidi ilikuwa imeshuka 30 hivi, gari likainama kushoto, PAA, halafu nikaona gurudumu linanipita. Gurudumu langu mwenyewe! Limekata barabara, limeingia kwenye mahindi, linakwenda tu kama limetumwa. Gari likasota kwa diski, cheche, abiria wote kimya, aliyepiga kelele ni jogoo peke yake.

Tulipotulia nikashuka, miguu haina nguvu. Kwenye habu haikubaki hata nati moja kati ya tano.  Baada ya muda akatoka mtoto wa miaka kama minane kwenye mahindi, analisukuma gurudumu kwa kijiti. "Mama, hili lako?"

Dada wa Cheyo
Nimesoma nimeshika kifua. Poleni mno.

Mzee wa Ng'ombe Saba
Pole mama. Ila jogoo alifika salama?

Mama Noah
Alifika. Maziko sikuyawahi.

Kijana wa Gungu
Mtoto ulimpa ngapi?

Mama Noah
Elfu kumi na karanga. Tangu siku ile, gurudumu likifunguliwa, naligusisha chini kwanza, nati zinakazwa kwa kuruka msalaba, siyo kuzunguka duara. Nikitembea kilomita 50 nasimama nakaza tena. Abiria wananuna, wanune.

Fundi Nusu
Sahihi kabisa. Na mtetemo unaoanza ghafla baada ya gurudumu kufunguliwa, ukiwa hata spidi ndogo upo, usitafute mashine ya balansi. Simama hapo hapo, toa wili spana.

Kijana wa Gungu
Huku Kigoma cha kwanza ni tope. Nilitoka vijijini Kasulu masika, kufika lami ya Kidahwe gari linacheza ngoma. Tope lilikuwa limekauka ndani ya rimu upande mmoja, zito kama tofali. Nikachokonoa kwa bisibisi na ndoo ya maji, likatulia. Shilingi sifuri. Watu wa Tabora mnapenda kununua raki.

Kanyenye Juu
Nyie endeleeni na dagaa zenu.

Dada wa Cheyo
Na tairi za mtumba? Yangu ilikuwa na uvimbe ubavuni kama yai, balansi tatu haikupona.

Fundi Nusu
Uvimbe haubalansiki dada, nyuzi za ndani zimekatika. Itupe, itapasuka. Na kabla ya kununua soma tarakimu nne mwishoni mwa DOT, ile namba ya ubavuni mwa tairi: 2317 ni wiki ya 23, mwaka 2017.

Mtoto wa Isevya
Nimerudi wakuu. Rimu ya mbele kulia, kamraba kasafi kapo! Kushoto tope. Nimeosha, nimebalansi zote nne, leo nimefika Nzega na 100, usukani kimya. Ila nikikanyaga breki nikiwa kwenye 80 unatikisika. Labda ilikuwepo tangu mwanzo, ile kubwa ikaificha.

Fundi Nusu
Hiyo sasa diski. Zipimwe kwanza, zikiwa bado nene zichongwe, zikiwa nyembamba badilisha.

Dereva Mstaafu
Alaimenti.