Emulsheni ya lami kwenye udongo mwekundu, Njombe

Mtaalamu_Makambako: Wakuu, tabaka la msingi la barabara sm 15, udongo mwekundu wenye PI (kipimo cha unyumbufu wa udongo) 18. Emulsheni (lami iliyochanganywa na maji) kiasi gani kwa mita ya mraba?

Kolombwe: PI 18? Hapana, mkuu. Lami haipenyi mabonge ya mfinyanzi, inayavika koti tu. Maji yakiingia, mabonge yanalainika kwa ndani. Tanguliza chokaa 2–3%, acha siku moja au mbili, pima tena. PI ikishuka chini ya 10, weka emulsheni yenye lami 60%, ile ambayo lami yake hutengana na maji polepole: 4% ya uzito mkavu wa udongo, yaani kama lita 12 kwa mita ya mraba, pamoja na saruji kilo 3.

RolaBubu: Maji ya emulsheni yahesabiwe kwenye unyevu wa kushindilia, la sivyo tabaka litacheza chini ya rola. Na baridi ya Juni huchelewesha kukauka, usiharakishe kufunika.

Mtaalamu_Makambako: Chokaa ya kupaka nyumba je?

Kolombwe: Ikiwa imekaa wazi hewani imeshapoteza nguvu, achana nayo.