Nyumba ya likizo Vejer de la Frontera: tunakwenda na mama

Kutoka: Dada wa Utrecht

Assalaam alaykum ndugu zangu, poleni na baridi.

Inshallah mwezi wa sita mama anakuja kutoka Tanga. Ni safari yake ya kwanza tangu tumzike baba. Ana miaka 71, mzima wa afya, ila goti la kulia linamsumbua akipanda. Nataka apate walau wiki moja ya jua, asikae siku zote kwenye ghorofa letu akitazama mvua. Mume wangu ameona nyumba Vejer de la Frontera, mkoa wa Cádiz, kusini kabisa mwa Hispania: mji mdogo mweupe pepepe juu ya kilima, una kuta za kale na vichochoro vya kupishana bega kwa bega. Nilipoziona picha nilidhani ni Mji Mkongwe wa Unguja uliopakwa chokaa upya.

Nyumba ina vyumba vitatu, iko ndani ya kuta, euro 940 kwa wiki. Mwenye nyumba anasema tukiacha tovuti tulikoiona nyumba yake tukamtumia pesa benki moja kwa moja, atatushushia hadi 800. Anataka pia picha za pasi zetu sote kwa WhatsApp, "kwa ajili ya polisi". Hapo ndipo nilipoingia wasiwasi. Je, huo ndio utaratibu wa kule? Na aliyewahi kukodi nyumba kwenye vijiji hivi vya vilimani, niulize nini kabla sijalipa?

Kutoka: Shangazi wa Leicester

Wa alaykum salaam mwanangu, na pole tena kwa baba yenu.

Habari ya pesa na pasi nawaachia wanaoishi huko. Mimi nakuomba uulize jambo moja kwanza, kabla ya bei, kabla ya kiyoyozi, kabla ya intaneti: gari linasimama wapi, na kutoka pale mpaka kwenye kitanda atakacholala mama kuna vipandio vingapi? Mwambie mwenye nyumba avihesabu akuandikie idadi.

Sisi tulimpeleka mama mkwe wangu Frigiliana, upande wa Málaga. Mtaa wa kale wa pale, Barribarto, ndio waliokaa Wamoriski, yaani Waislamu waliobaki Hispania wakabatizwa kwa nguvu, mpaka uasi wao ulipovunjwa mlimani juu ya kijiji mwaka 1569. Vibao vya vigae ukutani vinaisimulia habari hiyo kipande kwa kipande, na mtu wa pwani akivisoma hawezi kupita tu. Lakini mtaa wenyewe ni ngazi. Si mwinuko, ni ngazi hasa, za kokoto zilizopangwa kwa mkono. Tangazo la nyumba lilisema "dakika tano kutoka maegesho".

Ni dakika tano kwa kijana asiye na mzigo. Tulifika saa tisa mchana, jua la utosi. Mabegi ya magurudumu hayavutiki juu ya kokoto, ikabidi wanaume wayabebe begani. Mama alipanda ameshika ukuta, kila baada ya nyumba tano anakaa kizingitini. Kwenye kizingiti cha tatu mlango ukafunguka, akatoka bibi mmoja na aproni yake ya buluu, amebeba kiti kilichosukwa kwa ukindu. Akamkalisha, akaingia ndani akarudi na bilauri ya maji. Hawakuwa na lugha moja. Yule bibi alimgusa mama goti, akagusa na la kwake, wakaangaliana wakatikisa vichwa. Mpaka leo mama anamwombea dua.

Ila baada ya hapo alishuka siku moja tu, na siku ya kuondoka. Sisi tulikwenda baharini Nerja, yeye akabaki dirishani na tasbihi. Anasema alistarehe. Mimi nilimwona uso wake tulipokuwa tunavaa viatu, sijausahau.

Na ukishaingia ndani ngazi hazijaisha. Nyumba hizi zimepanda juu kwa kuwa kiwanja ni kidogo, kama nyumba za Lamu: jiko chini, vyumba juu, bafu katikati ya njia, na juu kabisa sakafu ya wazi ya kuanikia nguo, wao wanaiita azotea. Vipandio havilingani, kimoja shibiri, kinachofuata shibiri na nusu, na mara nyingi hakuna cha kushika. Uliza kama bafu liko ghorofa moja na chumba cha mama. Usiridhike na "liko karibu". Mzee anaamka usiku mara mbili tatu.

La mwisho, umeme. Nyumba nyingi za kale zimeandikishiwa umeme mdogo. Sisi tuliwasha oveni, kiyoyozi na hita ya maji kwa pamoja, wageni wameshaalikwa, giza likaingia. Swichi kuu huwa kwenye kisanduku karibu na mlango wa mbele. Zima kitu kimoja kwanza ndipo uirudishe juu. Na kama jiko ni la mtungi, ule wa rangi ya machungwa wa kilo 12 na nusu, hakikisha mnaachiwa wa akiba uliojaa.

Kutoka: Kaka wa Málaga

Shikamoo Shangazi. Dada, karibu sana kusini.

Hizo euro 140 anazokupunguzia usizikubali. Ukitoka kwenye tovuti, pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mtu huna pa kuikamatia. Hapa kila mwaka nasikia familia zilizofika na mabegi mbele ya mlango wa mtu asiyewajua. Simsemi huyo mwenye nyumba vibaya, huenda anakwepa tu ada ya tovuti, lakini wewe una mama na watoto watatu.

Mwombe namba ya usajili. Nyumba ya kupangisha watalii Andalusia inatakiwa iandikishwe kwa serikali ya jimbo. Kwa mkoa wa Cádiz namba za miaka iliyopita zinaanza na VFT/CA, kisha tarakimu. Juu ya hiyo, tangu tarehe 1 Julai 2025 tangazo la kupangisha kwa muda mfupi kwenye majukwaa ya mtandaoni linatakiwa liwe na namba ya usajili ya taifa. Akijizungusha kukupa namba, achana naye. Usajili huo si karatasi tu. Kanuni za Andalusia zinataka nyumba inayokodishwa kati ya Mei na Septemba iwe na kiyoyozi cha kudumu vyumbani na sebuleni, iwe na sanduku la huduma ya kwanza, na fomu rasmi za malalamiko, hojas de reclamaciones. Nyumba isiyoandikishwa, ukilalamika utaulizwa uliingiaje.

Habari ya polisi ni kweli, hajakudanganya. Kuna amri ya kifalme namba 933 ya 2021, na tangu tarehe 2 Desemba 2024 kila anayelaza wageni anapeleka taarifa zao kwenye mfumo wa Wizara ya Mambo ya Ndani: jina, namba ya pasi au kitambulisho, uraia, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya nyumbani, simu au baruapepe, na njia mliyolipia. Wa miaka 14 kwenda juu anatia saini. Nawaambia hili wenzangu wote, maana nimeona watu wetu wakipata hofu wakidhani wanachunguzwa kwa sababu ya rangi au pasi. Mjerumani naye anajaza hiyo hiyo.

Lakini picha ya pasi ni jambo jingine. Mamlaka ya ulinzi wa data ya Hispania imeshasema wenye nyumba na hoteli hawana haki ya kudai nakala ya kitambulisho. Wanatakiwa kupata taarifa, si picha. Mwandikie kwa adabu kwamba utajaza fomu, na pasi zenyewe atazitazama kwa macho mtakapofika.

Viza ya mama: kama atakaa sana Uholanzi na Hispania ni wiki moja tu, anaomba kupitia Uholanzi, na viza hiyo ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, inamfikisha Hispania mradi haijawekewa mipaka. Kwenye maombi msiifiche safari ya Vejer. Bima ya safari iwe ya euro 30,000 angalau, iseme wazi kwamba inafunika nchi zote za Schengen. Ndege ya ndani ya Schengen haina dirisha la uhamiaji, lakini pasi yake isikae Utrecht, aje nayo, nanyi mje na vibali vyenu vya ukazi.

Kutoka: Ndugu wa Brussels

Jambo kwenu wote. Mimi ni wa Bukavu, Vejer nimekwenda mara mbili na mke wangu, naongeza machache.

Upepo! Hakuna tangazo linaloutaja. Upande ule kuna upepo wa mashariki unaoitwa levante, unapita kwenye mlango wa bahari wa Gibraltar na ukianza unaweza kuvuma siku kadhaa mfululizo. Ufukweni El Palmar mchanga unakuchoma miguu kama sindano, na juu ya azotea huwezi kunywa chai. Siku hizo ndipo unapoelewa kwa nini vichochoro vimepindapinda. Ndani ya kuta kumetulia. Kwa hiyo msichague nyumba kwa sababu ya azotea yenye mandhari peke yake. Tafuteni yenye ua wa ndani, patio, mama atakaa humo hata siku ya upepo.

Gari mtahitaji. Mabasi mengine yanawashusha chini, La Barca de Vejer, na mji uko juu kabisa ya kilima. Maduka madogo yanafunga kuanzia kama saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Mkifika Jumapili bila mkate na maziwa mtalala na njaa.

Mama wa Tanga atapenda samaki. Barbate iko chini pale, kama kilomita kumi, na kuanzia Aprili hadi Juni wanavua jodari kwa almadraba, yaani nyavu zilizotegwa baharini zikasubiri samaki wapite, kama wando wa kwenu pwani ila mkubwa mno. Neno lenyewe ni la Kiarabu. Nendeni sokoni asubuhi. Wanaotaka nyama ya halali wainunue miji mikubwa kama Algeciras au Jerez kabla ya kupanda. Vijijini nguruwe yuko kila mahali, hata mafuta yake yanaingia kwenye biskuti, manteca ndilo neno la kutafuta kwenye pakiti.

Kutoka: Dada wa Utrecht

Shangazi, Kaka, Ndugu, Mungu awalipe.

Nimemwandikia mwenye nyumba. Namba ya usajili hakutoa, alisema "iko njiani". Vipandio alivihesabu, hapo namshukuru: 58 kutoka panapoishia gari mpaka mlangoni, na 17 vingine mpaka vyumbani. Nikamwambia hapana papo hapo, ingawa mume wangu aliipenda sana ile nyumba na nilimwona akiifunga picha taratibu.

Tumepata nyingine nje ya kuta, karibu na Avenida de los Remedios. Si ya kupendeza kama ile. Ni ya miaka ya karibuni, vigae vyeupe, ila ina ua, chumba kimoja na bafu viko chini, gari linafika mlangoni, na namba zote mbili zimo kwenye tangazo. Euro 890, tumelipia kwenye tovuti. Kutoka pale mpaka mji wa kale mama atatembea polepole akiwa na nguvu, na akichoka kurudi ni karibu.

Swali dogo: amana ya euro 200, inarudi kweli?

Kutoka: Kaka wa Málaga

Inarudi kama una ushahidi. Mkifika, kabla hamjafungua begi, piga video chumba kwa chumba: kuta, magodoro, chini ya sinki, kioo cha jiko. Mtumie siku hiyo hiyo kupitia tovuti, si WhatsApp. Mkiondoka rudia.

Kutoka: Dada wa Utrecht

Tumerudi jana, alhamdulillah. Naandika kabla sijasahau.

Amana imerudi yote. Kuna kigae kilichokuwa kimepasuka bafuni, mwenye nyumba akakiulizia, nikamwonyesha video ya siku ya kwanza, akaridhika.

Levante ulivuma siku mbili. Mama alikaa uani akichambua mchele kama yuko nyumbani. Siku ya tatu tulimpeleka mji wa kale asubuhi mapema, kabla jua halijawaka, akiwa na fimbo. Kuna sanamu pale ya mwanamke aliyejifunika joho jeusi kutoka utosini, ameacha jicho moja tu. Cobijada wanaiita, ndivyo walivyovaa wanawake wa Vejer zamani. Wengine wanasema ni vazi la Waarabu, wengine la Kikastilia. Mama alisimama mbele yake kitambo, kisha akavuta mtandio wake, akaukunja jinsi bibi yake alivyokuwa akijifunika buibui la kamba, akaacha jicho moja. Watoto wangu hawakuwahi kuiona namna ile. Bwana mmoja aliyekuwa akipita akavua kofia.

Jodari alimpika wa nazi. Nazi tuliibeba ya kopo kutoka Utrecht, pale hatukuiona.

Mlangoni kuna vipandio viwili, nimevipima, sentimita 16 kila kimoja, na upande wa kulia kuna chuma cha kushika. Anayetaka kumpeleka mzazi aniandikie faraghani nimpe kiungo cha nyumba.